Sprusi ya Sitka Isipopatikana: Kulinganisha Mbao Mbadala za Ndege ya Kujijengea

Mtu anayejenga ndege ya mbao kwa mikono yake, iwe ni Pietenpol Air Camper iliyobuniwa na Bernard Pietenpol huko Cherry Grove, Minnesota, mwishoni mwa miaka ya 1920, iwe ni Fly Baby ya Pete Bowers au Jodel D.9 ya Wafaransa, hukuta katika michoro yake jina la mti mmoja likijirudia. Mhimili wa bawa ni sprusi, vijiti vya mbavu ni sprusi, na mihimili mirefu inayotoka puani hadi mkiani ni sprusi. Inayokusudiwa zaidi ni sprusi ya Sitka, Picea sitchensis, inayoota katika ukanda mwembamba wa pwani ya Pasifiki kuanzia Alaska hadi kaskazini mwa California. Miti yake mikubwa hutoa mbao ndefu zenye nyuzi zilizonyooka, zisizo na mafundo, na nyepesi kulingana na nguvu zake. Sifa hizo ndizo zilizolifanya jeshi la Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lipeleke askari karibu 30,000 katika misitu ya Oregon na Washington wakakate sprusi ya kuundia ndege.

Leo miti ile ya kale imepungua na bei imepanda, na ubao wa mita 4 au 5 unaopaswa kusafirishwa ukiwa mzima unaweza kutoza nauli inayotisha kuliko bei yake. Kwa hiyo mjenzi huanza kutazama mbao za dukani karibu na kwake na kuuliza ni mti gani una nguvu kuishinda sprusi. Swali hilo lina jibu rahisi, na jibu lake limewapotosha wengi, kwa sababu miti yenye nguvu kuliko sprusi ni mingi. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba uchaguzi mzuri huanzia mahali pengine: ubao utakaa sehemu gani ya ndege, sehemu hiyo hulemewa kwa namna gani, na ubao huo mmoja ulioushika mkononi una kasoro gani. Jina la mti huja baada ya hayo.

Kwa bahati njema hatuanzi gizani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, katika waraka wake wa ukarabati wa ndege unaojulikana kama AC 43.13-1B, imeorodhesha miti michache inayokubalika katika kazi ya ndege na kuipima kwa kuilinganisha na sprusi. Kipimo ni sprusi ya Sitka pamoja na ndugu zake wawili, sprusi nyekundu na sprusi nyeupe, na hili lenyewe ni jambo la kumfaa mjenzi aliye Kanada au mashariki mwa Marekani, kwa kuwa sprusi nyeupe iliyo safi na iliyonyooka inahesabiwa sawa na ile ya Sitka bila kubadilisha chochote katika michoro. Baada ya hapo zinafuata firi ya Douglas, firi ya Noble, hemloki ya magharibi, paini nyeupe ya kaskazini, mwerezi wa Port Orford na popla ya manjano. Zote zimewekewa sharti moja kuhusu mwelekeo wa nyuzi: zisikengeuke kutoka ukingo wa ubao zaidi ya 1 kwa 15, yaani sentimita 1 kando kwa kila sentimita 15 za urefu.

Jedwali hili linaziweka kando kwa kando. Takwimu za nguvu ni wastani wa vipande vidogo visivyo na kasoro vyenye unyevu wa asilimia 12, kama zinavyotolewa na maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin. Uzito nimeukokotoa kutokana na msongamano wao.

| Mbao | Uzito wa mita 1 ya ujazo (kg) | Nguvu ya kupinda (MPa) | Ukakamavu (GPa) | Mgandamizo (MPa) | Mtelezeano (MPa) |
|---|---|---|---|---|---|
| Sprusi ya Sitka | 450 | 70 | 10.8 | 39 | 7.9 |
| Firi ya Douglas | 540 | 85 | 13.4 | 50 | 7.8 |
| Hemloki ya magharibi | 505 | 78 | 11.3 | 49 | 8.6 |
| Firi ya Noble | 435 | 74 | 11.9 | 42 | 7.2 |
| Mwerezi wa Port Orford | 480 | 88 | 11.7 | 43 | 9.4 |
| Paini nyeupe ya kaskazini | 390 | 59 | 8.5 | 33 | 6.2 |
| Popla ya manjano | 470 | 70 | 10.9 | 38 | 8.2 |

MPa na GPa ni vipimo vya mkazo, na GPa 1 ni MPa 1,000. Nguvu ya kupinda ni kiasi cha mkazo ambacho kijiti hukistahimili kabla ya kuvunjika. Ukakamavu ni ukaidi wake wa kukataa kupinda hata kabla hakijafika hatari ya kuvunjika. Mgandamizo ni kusukumwa kutoka ncha zote mbili kwa kufuata nyuzi. Mtelezeano ni uwezo wa nyuzi kushikamana zisitelezeane bawa linapobeba mzigo, na safu hiyo ya mwisho, ambayo wasomaji wengi huiruka, ndiyo nitakayoirudia zaidi. Ikumbukwe pia kwamba mbunifu wa ndege hatumii wastani. Yeye hukadiria kwa viwango vya chini kuliko hivi, ili ubao ulio dhaifu kuliko wenzake, lakini uliopita ukaguzi, nao uweze kubeba.

Firi ya Douglas: nguvu yenye mtego

Hii ndiyo mbadala inayotajwa kwanza, na kwa haki. Jina lake la kisayansi ni Pseudotsuga menziesii. Si firi halisi, na katika nchi nyingine huuzwa kwa jina la paini ya Oregon ingawa si paini pia. Hupatikana kwa wingi magharibi mwa Amerika Kaskazini, na mbao zake safi zilizopasuliwa kwa namna ya kuonyesha pete za ukuaji zikiwa wima hutumika kutengenezea milango, madirisha na ngazi, hivyo mjenzi mwenye subira anaweza kuzipata katika duka la kawaida la mbao za fremu.

Tuchukue mfano wa mhimili wa bawa wenye unene wa milimita 25, kina cha milimita 150 na urefu wa mita 4.2. Ukiwa wa sprusi utakuwa na uzito wa kilo 7.1, ukiwa wa firi ya Douglas wa vipimo vilevile utafika kilo 8.5. Ndege yenye mihimili minne ya namna hiyo itakuwa imeongezeka karibu kilo 5.7 katika mihimili peke yake. Ukiendelea hivyo hadi kwenye kiwiliwili na mkia, ongezeko litakuwa asilimia 20 ya uzito wote wa mbao zilizobadilishwa, na katika ndege ya kiti kimoja yenye injini ndogo kilo hizo zinatoka katika mafuta au katika uzito wa rubani anayeruhusiwa kupanda.

Hapo ndipo mjenzi hushawishika. Anatazama jedwali, anaona kwamba ukakamavu umezidi kwa asilimia 24 na nguvu ya kupinda kwa asilimia 21, anasema: basi nitapunguza unene kutoka milimita 25 hadi milimita 20 na kitu, na nitakuwa nimerudi palepale kwa uzito. Hesabu ya kupinda inamkubalia. Hesabu ya mtelezeano inamkatalia, kwa maana katika safu ile ya mwisho firi ya Douglas ina 7.8 mahali ambapo sprusi ina 7.9, yaani haikuongeza chochote. Akipunguza unene kwa asilimia 19, amepunguza kwa kiasi kilekile eneo linalozuia nyuzi zisitelezeane, na amepunguza pia upana wa gundi pale mhimili unapokutana na plaiwudi. Mhimili wake utakuwa mkakamavu kama wa zamani, lakini karibu na kiwiliwili cha ndege, ambako mzigo wa bawa lote hukusanyika, utakuwa na asilimia 80 tu ya uwezo uliokusudiwa. Waraka wa FAA unaruhusu kupunguza vipimo kidogo ikiwa upunguzaji huo umethibitishwa kwa hesabu au majaribio. Wajenzi wengi hulisoma neno kupunguza na kulipita neno kuthibitishwa. Kwa yule asiye na mhandisi wa kumkagulia hesabu zake, ushauri wangu ni mmoja: acha vipimo vya michoro kama vilivyo, na ubebe uzito.

Karakana ina malalamiko yake pia. Pete za mti huu zina sehemu mbili zilizotofautiana sana, ya masika iliyo laini na ya kiangazi iliyo ngumu kama pembe, na patasi ikipita kutoka moja hadi nyingine huruka na kung'oa kibanzi mahali usipotaka. Misumari midogo ya kubania vipande vya plaiwudi kwenye mbavu hupasua vijiti vyembamba vya firi mara kwa mara kuliko vya sprusi, na dawa yake ni kutoboa kwanza kwa keekee nyembamba au kuachana na misumari na kutumia vibano. Vibanzi vyake vikiingia mkononi huwa virefu na hutunga usaha. Gundi, hata hivyo, huishika vizuri, mradi uso umepigwa randa kali muda mfupi kabla.

Hemloki na firi ya Noble: mbao nzuri zilizofichwa na mhuri

Nikiulizwa ni mbadala gani iliyo karibu zaidi na sprusi kwa tabia nzima, nitasema hemloki ya magharibi, Tsuga heterophylla. Imeizidi sprusi katika kila safu ya nguvu ya jedwali, ikiwemo ya mtelezeano, na uzito wake umeongezeka kwa asilimia 12 tu: mhimili wetu wa mfano utakuwa na kilo 7.9 au 8. Hutumika moja kwa moja mahali pa sprusi kwa vipimo vilevile. Uso wake hauna usawa kama wa sprusi, na ile iliyoota nyanda za juu inahesabiwa bora kuliko ya mabondeni.

Firi ya Noble, Abies procera, ni nyepesi kidogo kuliko sprusi na ina ukakamavu zaidi, jambo linaloifanya ivutie sana machoni pa mtu anayehesabu gramu. Upungufu wake uko katika mtelezeano, ambako iko chini ya sprusi kwa takriban asilimia 8 au 9. Kwa hiyo inafaa kwa mihimili mirefu ya kiwiliwili na kwa vijiti vya mbavu, na haifai kuingizwa katika mhimili mkuu wa bawa kabla mtu hajajua kama mtelezeano ndio unaotawala mahali hapo.

Tatizo la mbao hizi mbili liko dukani. Katika biashara ya mbao ya Amerika Kaskazini, hemloki ya magharibi na firi kadhaa huchanganywa na kupigwa mhuri mmoja wa Hem-Fir, kwa sababu kwa fundi wa nyumba tofauti zake hazina maana. Ndani ya rundo hilo mna hemloki, mna Noble, na mna firi nyingine ambazo hazimo kabisa katika orodha ya mbao za ndege. Vivyo hivyo mhuri wa SPF unachanganya sprusi, paini na firi. Ubao wenye mhuri huo unaweza kuwa mzuri ajabu, lakini mjenzi hajui ni mti gani, na asiyejua mti hana safu ya jedwali ya kusoma. Njia ni kununua kwa kiwanda cha kupasulia mbao kinachoweza kusema gogo lilitoka wapi, au kupeleka kipande kwa mtaalamu wa kutambua miti kwa darubini. Kukisia kwa rangi na harufu hakutoshi kwa kitu kitakachombeba mtu hewani.

Mwerezi wa Port Orford: karibu kila kitu, isipokuwa gundi

Kwa takwimu tupu huu ndio mti unaoshinda. Mwerezi wa Port Orford, Chamaecyparis lawsoniana, unaizidi sprusi kwa karibu asilimia 26 katika kupinda na kwa karibu asilimia 19 katika mtelezeano, huku uzito ukiongezeka kwa asilimia 7 tu. Hukatika vizuri kwa zana za mkono, nyuzi zake ni laini na zimenyooka, na watengenezaji wa mishale wamekuwa wakiupenda kwa sababu hizohizo. Hustahimili kuoza kuliko sprusi, na hili si dogo kwa ndege itakayolala nje.

Lakini makazi yake ya asili ni eneo dogo la kusini magharibi mwa Oregon na kaskazini magharibi mwa California, na huko umeshambuliwa na ugonjwa wa mizizi uitwao Phytophthora lateralis, huku mbao bora zikinunuliwa kwa muda mrefu na Japani ambako zilikaribishwa kama mbadala wa hinoki, mti wa huko wa jamii yake. Kwa hiyo bei yake mara nyingi haikuokoi na ile ya sprusi uliyokuwa ukiikimbia. Na una mafuta. Ukiupiga randa, karakana nzima hunukia tangawizi, harufu ya kupendeza kwa saa ya kwanza. Baadaye vumbi lake huweza kuwasha pua na kifua, na barakoa huwa ya lazima. Mafuta hayohayo hupanda juu ya uso uliokatwa na kuizuia gundi isinywewe. Viungo imara vinapatikana, ila kwa masharti: uso upigwe randa siku ileile ya kugundisha, usiguswe kwa vidole, na kila siku ya kazi kiandaliwe kipande cha majaribio cha kuvunjwa.

Paini nyeupe na popla

Paini nyeupe ya kaskazini, Pinus strobus, ni raha ya fundi. Randa inapita kama inapita kwenye sabuni, na mbao hazijipindi ovyo. Nguvu zake, hata hivyo, ziko kati ya asilimia 85 na 96 za sprusi kwa tathmini ya FAA, na haziwezi kuingia mahali pa sprusi bila kuongezwa vipimo. Watu hudhani kwamba kwa kuwa ni nyepesi watapata faida. Hesabu haisemi hivyo. Ili kijiti cha kina kilekile kifikie nguvu ya kupinda ya sprusi kinahitaji upana zaidi kwa takriban asilimia 19, na kwa sababu paini ina asilimia 87 ya uzito wa sprusi, kijiti hicho kipana kitazidi uzito kwa asilimia 3. Ili kifikie ukakamavu wa sprusi kitahitaji upana zaidi kwa asilimia 27, na uzito utazidi kwa asilimia 10. Juu ya hayo, mhimili uliopanuka hauingii tena katika nafasi zilizochongwa kwenye mbavu, na vyuma vya kuushikia vitakuwa vifupi. Kwa mhimili, basi, paini nyeupe haina maana. Kwa vipande vya kujazia, kwa kingo za mbele za mabawa zinazotoa umbo zaidi kuliko nguvu, na kwa kalibu za kuundia mbavu, sijui mbao ya kuishinda.

Popla ya manjano, Liriodendron tulipifera, hupatikana kwa urahisi mashariki mwa Marekani na ni rahisi kuifanyia kazi. Iko karibu sana na sprusi kwa takwimu za jedwali, ila uwezo wake wa kustahimili kishindo ni mdogo, hivyo isiwekwe mahali panapopokea pigo la kutua, na waraka unataka upungufu wake uhesabiwe kabla ya kuitumia. Sina zaidi la kusema juu yake.

Na mbao zetu je?

Msomaji aliye Iringa, Eldoret au Arusha atauliza kwa haki juu ya paini na saipresi za mashambani, na juu ya mvule, mninga na mkangazi. Mvule na mninga zina uzito wa takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, zaidi ya sprusi kwa asilimia 40 na kitu. Fundi wa majahazi huufurahia uzito na uimara wa mbao ngumu, kwa kuwa chombo chake kinabebwa na maji. Mhimili wa ndege unaobeba uzito huo unaanza kwa hasara. Zinaweza kufaa kwa vipande vidogo vigumu vinavyowekwa chini ya boliti ili chuma kisizame, kazi ambayo huko Marekani hufanywa na mti wa ash, wa birchi au mahogani.

Paini ya mashamba makubwa kama Sao Hill, wilayani Mufindi, ina shida ya namna nyingine. Mti unaokua haraka katika joto na mvua hutoa pete pana, na mbao za miaka yake ya kwanza karibu na moyo wa gogo huwa dhaifu na hujinyonganyonga zikikauka. Kwa sprusi ya ndege, kanuni za kijeshi za Marekani zilitaka pete zisizopungua 6 katika kila inchi, na mbao nyingi za paini za dukani kwetu zina pete chache kuliko hizo. Kutokuwamo katika orodha hakumaanishi kwamba mti haufai milele; kunamaanisha kwamba anayetaka kuutumia analazimika kuupima mwenyewe, ubao kwa ubao, kwa msaada wa maabara ya chuo, na kuzungumza na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, kabla hajakata kipande cha kwanza. Hiyo ni kazi ya utafiti yenye heshima yake, na natamani ifanywe. Ila anayetaka kuruka ndani ya miaka mitatu ni heri aagize firi ya Douglas.

Kuna mti mmoja wa Afrika ambao umeshaingia katika ndege za kujijengea: okume ya Gabon, ambayo hutengenezewa plaiwudi nyepesi. Wajenzi wa Ufaransa wameizoea. Ni nyepesi kuliko plaiwudi ya birchi, na pia ni dhaifu kuliko hiyo, kwa hiyo mahali ambapo michoro inataja birchi kwenye kuta za mhimili, okume ya unene uleule si badala yake.

Ubao ulio mkononi

Baada ya kuchagua mti, kazi ndiyo kwanza imeanza. Nilipata kununua ubao wa firi ya Douglas wa mita 5 ambao hadi leo sijauona mwingine wa kuupita kwa uzuri: pete zilikuwa 14 katika inchi, zimesimama wima, na hapakuwa na fundo hata moja kutoka ncha hadi ncha. Niliupiga randa, nikaupima, nikachora mistari ya kukatia. Jioni, nilipowasha taa iliyokuwa imelazwa chini karibu na benchi, mwanga wake ulipita juu ya uso wa ubao kwa kutambaa, nikaona mstari mwembamba kama unywele uliokatiza nyuzi karibu katikati ya urefu. Nikausogeza ubao, mstari ukatoweka. Nikaurudisha, ukaonekana tena. Ulikuwa mvunjiko wa mgandamizo, jeraha ambalo mti hulipata ukiwa bado umesimama na kupindwa na upepo, au ukiangukia juu ya gogo jingine siku ya kukatwa. Nyuzi zimeshavunjika kwa ndani, na ubao wenye jeraha hilo huweza kukatika ghafla kwa sehemu ndogo tu ya mzigo wake. Niliukata pale penye mstari, nikakipinda kipande hicho gotini, kikavunjika kwa mkato mfupi, kama muhogo mkavu. Kipande kingine kilichotoka kwenye ubao huohuo, umbali wa nusu mita, kilipiga kelele, kikatoa vibanzi virefu, na kilikataa kuachana hata baada ya kuvunjika. Hakuna safu katika jedwali inayoweza kukueleza tofauti hiyo.

Tangu siku hiyo, hakuna ubao unaoingia katika kazi yangu kabla haujapita chini ya taa ya ubavuni, nyuso zote nne. Mwelekeo wa nyuzi naukagua kwa kupasua: nachukua kipande cha ncha chenye urefu wa sentimita 30, naweka patasi kwenye uso wa mwisho, napiga nyundo mara moja, na kuacha mti uchague njia yake. Mpasuko ukihama zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni, ubao umevuka 1 kwa 15 na unakwenda kwenye kalibu. Hufanya hivyo kwa nyuso mbili zinazopakana, kwa sababu ubao unaweza kuonekana umenyooka ubavuni na huku unakengeuka usoni. Natafuta pia pete ambazo upande mmoja wa gogo ni pana na nyekundu kuliko upande wa pili, alama ya mti ulioota ukiwa umeinama. Mbao hizo hurefuka na kufupika kwa unyevu kuliko kawaida na haziaminiki. Mifuko midogo ya utomvu inavumilika mahali pengine, ila si kwenye kingo za mhimili.

Mwishowe napima uzito. Kipande cha milimita 20 kwa 20 kwa 300 kina sentimita za ujazo 120. Kikiwa cha sprusi ya wastani mizani ya jikoni itasoma gramu 54 hivi, na kikiwa cha firi ya Douglas gramu 65. Kipande cha sprusi kinachosoma gramu 45 ni chepesi mno, na wepesi wa namna hiyo ni udhaifu.

Ningenunua nini

Kama ningeanza ndege kesho na sprusi ya Sitka haipatikani kwa bei ninayoiweza, mihimili ya mabawa ningeifanya kwa firi ya Douglas kwa vipimo kamili vya michoro. Sababu ni kwamba mti wake hutambulika bila shaka, mbao safi ndefu zipo, na takwimu zake zimepimwa kwa miongo mingi. Na badala ya ubao mmoja mnene ningegundisha mbao nyembamba pamoja, kwa kuwa ndani ya ubao mnene wa firi kasoro hujificha. Mihimili mirefu ya kiwiliwili ingekuwa hemloki, ikiwa nimepata anayeweza kuniapia asili yake. La sivyo firi ya Douglas tena. Kwa vijiti vya mbavu ningetafuta sprusi yenyewe, hata kwa bei ya juu, kwa maana vijiti hivyo ni vyembamba na vifupi, husafirishwa kwa urahisi, na jumla yake ni sehemu ndogo ya mbao zote. Na hapo ndipo misumari midogo na vibanzi vya firi humpotezea mtu siku nyingi zaidi. Ubao mfupi usiofaa kwa mhimili mara nyingi huuzwa kwa punguzo, na mbavu zote zinaweza kutoka humo.

Mahali ambapo ubao wa urefu kamili haupo, kiungo cha mshazari wa 1 kwa 12 hukubalika katika mhimili, mradi kikae mbali na vyuma na mbali na pale mzigo unapokuwa mkubwa zaidi, na mradi mbao zote mbili zimekaa karakana moja hadi unyevu wake ukalingana, kati ya asilimia 8 na 12. Uso wa kugundisha upigwe randa, usisuguliwe kwa msasa, kwa kuwa vumbi la msasa huziba vitundu vya mti laini. Tone la maji likidondoshwa juu yake linapaswa kutandaa na kunywewa. Likibaki limesimama kama shanga, randa irudi. Kwa kila mchanganyiko wa gundi ningetengeneza kipande cha majaribio kutoka kwenye mbao zilezile, nikiandike tarehe na namba ya ubao, na kesho yake nikibane kwenye jiriwa na kukipiga nyundo hadi kipasuke. Mpasuko ukipita ndani ya mti na kuiacha gundi imefunikwa na nyuzi, kazi iendelee. Gundi ikiachia uso ukiwa msafi na unang'aa, kila kiungo cha siku ile kinafunguliwa, bila kujali ni mti gani.